Bastola ya gumegume yenye ghala la risasi mpinini: mkono wa pembeni umekwama, nifanyeje?

mkomani_juu

Assalaam aleikum wadau. Kuna bastola ya zamani imetoka katika sanduku la mbao kwenye nyumba ya mirathi huku Lamu. Kabla mtu hajaichokonoa, naomba rai ya wanaoijua mitambo ya gumegume, yaani ile inayowasha baruti kwa cheche za jiwe. Naeleza niliyoyaona na niliyoyapima.

Urefu wote ni sentimita 48. Mtutu ni wa chuma, wa duara, milimita 240 kutoka mdomoni hadi unapoingia kwenye kiunzi cha shaba ya manjano. Upana wa tundu mdomoni ni milimita 13. Nyundo iko kulia, imelala mbele, na taya zake bado zimebana jiwe lililozungushiwa ngozi. Mbele ya nyundo kuna kisahani cha baruti na kifuniko chake, na kando ya kisahani kijisanduku kidogo cha shaba ambacho sijakiona kwenye gumegume za kawaida. Upande wa kushoto kuna mkono wa chuma wa sentimita 9, umekazwa kwenye ekseli ya silinda nene iliyolala kwa upana ndani ya kiunzi. Mkono huo umekwama: umetoka mahali pake kama robo ya njia, hauendi wala haurudi. Nyuma yake kuna kifuniko cha bawaba, na chini yake matundu mawili yanayoingia mpinini. Tundu moja limejaa unga mweupe kama chokaa.

Chini ya mtutu kuna mihuri miwili: taji juu ya herufi V, na taji juu ya GP. Kwenye bamba la mtambo jina limesagika, limebaki neno LONDON.

Maswali matatu. Hii ni bastola ya aina gani? Mkono naweza kuulegeza kwa mafuta na kuugonga taratibu kwa nyundo ya mbao? Na shaba imepiga kijani, niisugue kwa ndimu na majivu kama tunavyosugua sinia?

fundi_tupa

Waaleikum salaam. Swali la pili kwanza, maana ndilo la hatari. Usiuguse huo mkono, wala usiugonge kwa chochote.

Huo unga mweupe si chokaa ya ukutani. Ni risasi iliyooza. Sanduku la mbao lililofungwa hutoa mvuke wa asidi kidogo kidogo, miaka nenda miaka rudi, na madini ya risasi hayaivumilii asidi hiyo: hubadilika kuwa unga mweupe. Kwa hiyo tundu hilo ni ghala la risasi, na bado lina goroli, yaani risasi za duara, ndani yake. Aliyeihifadhi bastola hiyo hakuitoa risasi, na mtu ambaye hakutoa risasi sioni sababu ya kuamini kwamba alitoa baruti. Baruti nyeusi haichachi kama dawa ya hospitali. Ikiwa kavu huwaka hata baada ya miaka mia mbili.

Unga huo ni sumu. Usiupulize, usiupanguse kwa mkono mtupu, watoto wasikaribie. Vaa glavu, funika tundu kwa kipande cha plastiki na utepe wa karatasi, kisha nawa kwa sabuni.

Sasa pima kama mtutu una kitu ndani. Tafuta kijiti cha mbao kilichonyooka, chembamba kuliko milimita 13, mwisho wake uwe bapa. Weka bastola mezani, mdomo uelekee ukuta wa mawe, wewe ukae ubavuni. Ingiza kijiti polepole mpaka kisimame, kikwaruze kwa kisu pale mdomoni, kitoe, kilaze juu ya mtutu kwa nje ulinganishe. Mtutu ulio mtupu utakipeleka kijiti hadi kwenye uso wa silinda, yaani kitapita ukingo wa kiunzi na kuingia zaidi, kwa sababu mtutu umekazwa ndani ya kiunzi kwa hesi. Kikisimama kabla ya milimita 240, kuna kitu. Kigonge kidogo sana kwa ncha ya kidole usikilize: chuma hujibu kwa sauti kavu, risasi hujibu kwa sauti iliyokufa.

Usitumie fimbo ya chuma. Na hata kijiti kikionyesha mtutu mtupu, usipumue bado, kwa sababu bastola ya aina hii ina sehemu nyingine tatu za kuwekea baruti. Mwenzangu atakueleza.

mwana_wa_siyu

Ndugu mkomani_juu, kwa maelezo yako hiyo ni bastola ya kurudia ya mtindo wa Lorenzoni. Michele Lorenzoni alikuwa fundi wa Florence, Italia, akifanya kazi kuanzia mwishoni mwa karne ya 17 hadi alipofariki mwaka 1733. Mtindo huo ukachukuliwa na mafundi wa kwingine. London aliufanya John Cookson katika karne hiyohiyo ya 17, na karibu na mwaka 1800 Harvey Walklate Mortimer wa Fleet Street akatengeneza za risasi saba. Huko Boston, Marekani, mwaka 1756 fundi mwingine aliyeitwa John Cookson alitangaza gazetini bunduki ya kupiga mara tisa. Usiichanganye na ile ya Elisha Collier ya mwaka 1818, ambayo silinda yake ni ya matundu mengi na inalala sambamba na mtutu. Yako silinda yake imekata njia ya mtutu kwa upana, na inazungushwa kwa ule mkono wa chuma ulio upande wa kushoto. Hiyo ndiyo alama kubwa.

Ukiifahamu inavyofanya kazi utaelewa kwa nini tunakuzuia. Ndani ya mpini kuna maghala mawili marefu, moja la goroli na moja la baruti. Silinda imechongwa vishimo viwili ubavuni mwake: kimoja kinaenea goroli moja, cha pili kinaenea baruti ya mpigo mmoja. Mwenye bastola huinamisha mdomo chini ili mpini uwe juu, kisha huzungusha mkono karibu nusu duara. Vishimo vinakutana na midomo ya maghala, goroli inaanguka kwenye chake na baruti kwenye chake. Anaurudisha mkono. Kishimo cha goroli kinapita kwanza nyuma ya mtutu, goroli inateremka na kukaa kwenye koo la mtutu, yaani mwisho wake wa nyuma. Haidondoki nje kwa sababu koo ni jembamba kidogo kuliko goroli. Mkono unapofika mwisho, kishimo cha baruti kimesimama nyuma ya goroli, na hicho ndicho kinachokuwa chumba cha mlipuko.

Mwendo huohuo wa mkono unafanya kazi nyingine tatu. Unavuta nyundo nyuma. Unarudisha kifuniko juu ya kisahani. Na kile kijisanduku cha shaba ulichokishangaa ni ghala la tatu, la baruti ya kuwashia: silinda ikizunguka, chembe kidogo zinamiminwa kisahanini. Mtu akimaliza kuzungusha, kilichobaki ni kulenga na kufyatua. Katika zama ambazo askari alishindilia baruti, risasi na kitambaa kwa fimbo kila mpigo, hicho kilikuwa kitu cha ajabu, na mimi nakiona cha ajabu mpaka leo.

Ugumu wake wote uko mahali pamoja: silinda na kiunzi chake. Baruti inawaka milimita chache tu kutoka kwenye ghala lenye baruti ya mipigo sita iliyobaki, na ghala hilo liko ndani ya kiganja cha mpigaji. Kinachozuia moto usirudi nyuma ni ukaribu wa vyuma viwili tu. Hakuna mpira, hakuna pete. Fundi alipaka silinda masizi ya taa, akaiingiza, akaizungusha, akaitoa, akatazama wapi masizi yamefutika, akakwangua hapo kwa kisu cha chuma kigumu, akarudia. Mwisho alisaga kwa unga wa msasa na mafuta mpaka silinda izunguke kwa nguvu ya vidole lakini hata pumzi isipite. Kazi hiyo haifanyiki kwa mashine ya jumla. Kila silinda ni ya kiunzi chake peke yake, na ndiyo maana bastola hizi zilikuwa ghali na chache.

Ubaya wake unatoka hapohapo. Baruti nyeusi huacha masizi mazito kila inapowaka. Masizi yakiingia kwenye pengo, silinda inakaza. Mtu akilazimisha, chembe ngumu zinachora mfereji kwenye shaba, na mfereji mmoja kutoka chumba cha mlipuko hadi mdomo wa ghala unatosha kuulipua mpini mkononi. Kwa hiyo silinda ya bastola yako, hata kama haitapigwa tena daima, ndiyo sehemu yenye thamani kuliko fedha na nakshi zote. Mkwaruzo utakaoutia wewe leo hautatofautishwa na ule wa karne mbili zilizopita, na ushahidi wa kazi ya fundi utakuwa umekwenda.

binti_matondoni

Nami niongeze kuhusu kukwama na kuhusu kijani, kwa sababu ni mambo mawili tofauti na dawa zake ni tofauti.

Kukwama kwa mkono kwenye mtindo huu kuna sababu tatu kuu. Ya kwanza ni mafuta ya zamani au nta iliyopakwa kuziba pengo, ikakauka na kuwa kama sandarusi. Ya pili ni kutu: ekseli ya chuma ndani ya shaba, pamoja na chumvi ya hewa yetu, chuma ndicho huliwa, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichooza, kwa hiyo hubana. Ya tatu ndiyo ninayoishuku hapa: goroli iliyovimba kwa kuoza imekaa nusu ghalani na nusu kwenye kishimo cha silinda, ikabanwa na ukingo kama mkasi. Mkono uliosimama robo ya njia unaelekea huko. Ukilazimisha, risasi inakatwa na kupakwa kwenye pengo lote, na hapo hata fundi bingwa atahangaika.

Njia ya kujua bila kufungua ni eksirei. Mbao hupitisha mionzi vizuri, risasi haipitishi kabisa, kwa hiyo goroli zilizomo mpinini zitaonekana kama shanga nyeupe, utazihesabu. Kiunzi cha shaba ni kinene, kinahitaji mashine ya nguvu kama zile zinazokagua maungio ya mabomba, lakini picha ya mpini peke yake ni faida kubwa. Usiipeleke popote, hata hospitali, kabla ya kumaliza mambo ya kisheria ambayo naona mwenzetu wa Malindi atayataja.

Usipashe moto hata kidogo. Achilia mbali baruti, kuna springi mbili tatu za chuma kilichopikwa kwa kiwango maalumu, na joto likizilainisha hazirudi. Mafuta ya kulegeza nayo yasubiri. Mafuta yakiingia ghalani yanachanganyika na baruti kuwa tope, yanapanda kwenye mbao ya mpini, yanaiweusha milele. Kulegeza kutafanywa na mtu mwenye ujuzi baada ya ghala kuhakikishwa ni tupu, kwa matone ya mafuta mepesi kwenye ekseli tu, kusubiri, kisha kutikisa kwa vidole kiasi cha upana wa kucha kwenda na kurudi.

Kuhusu kijani: ndimu na majivu, hapana. Sinia unaisugua kwa sababu unataka ing'ae. Hapa ndimu ni asidi, inakula zinki iliyomo kwenye shaba na kuiacha na madoa ya pinki, na majivu yanasaga michoro. Tazama kijani chako kwa kioo cha kukuzia. Kama ni ganda laini, gumu, la rangi ya zeituni au kahawia, liache, linailinda shaba. Kama ni unga wa kijani hafifu unaopukutika, na ukiupangusa unarudi baada ya wiki mbili tatu, huo ni ugonjwa wa kloridi, unatokana na chumvi ya bahari. Unga huo uondolewe kwa kijiti cha mwanzi kilichochongwa, ukiwa kavu, bila maji, na kazi ya kuituliza chumvi iliyobaki aifanye mhifadhi wa makumbusho. Dawa yake ni benzotrayazoli, nayo si ya kuchezea jikoni.

Kwa sasa kilicho juu yako ni unyevu. Usirudishe bastola sandukuni, na usiiweke kwenye zidaka: ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa unavuta chumvi na kuitoa upande wa chumbani. Tia kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko wa kubana, ilaze juu ya kitambaa cha pamba kilichofuliwa bila dawa ya harufu, si sufi wala ngozi. Weka silika jeli (chembe za kunyonya unyevu) angalau gramu 500 kwa boksi la lita 20, pamoja na kipimo kidogo cha unyevu cha dijitali. Lenga chini ya asilimia 40. Silika ikibadilika rangi, kaushe kwenye oveni kwa nyuzi 110 saa mbili, iache ipoe ndani ya chombo kilichofungwa. Kusi na masika utaibadilisha mara nyingi kuliko kaskazi.

ngomeni_kale

Salaam kutoka Malindi. Mihuri na sheria niachieni mimi.

Taji juu ya V ni muhuri wa kukaguliwa kwa macho, taji juu ya GP ni muhuri wa kupimwa kwa mlipuko, yote ya chama cha watengeneza bunduki wa London. Chama hicho kilipata hati yake mwaka 1637, na nyumba ya kupimia bunduki ya Birmingham ilianza 1813 na mihuri yake tofauti. Mihuri ya London peke yake haikupi mwaka. Vitu vya kukupa kipindi ni hivi: tazama springi ya kifuniko cha kisahani kama ina kigurudumu kidogo mwishoni, na tazama tundu la moto, kile kitundu kinachopitisha moto kutoka kisahanini hadi kwenye baruti ya ndani, kama limevikwa dhahabu au platini. Vyote viwili vikiwapo, unaelekea mwisho wa karne ya 18 au mwanzo wa 19. Dhahabu iliwekwa hapo kwa sababu haishiki kutu wala haimomonyolewi na moto wa baruti. Mpini ukiwa na vipande vya fedha, tafuta mhuri wa simba anayetembea na herufi moja kando yake: herufi hiyo ndiyo mwaka.

Jina kwenye bamba lisikutie shauku. Jina ni rahisi kulichonga. Ya kughushi huumbuka kwingine. Tazama hesi: skrubu za wakati ule zilikatwa kwa mkono, mfereji wa kichwa ni mwembamba na haulingani kamili kati ya moja na nyingine, na nyingi zina alama ndogo ya kuonyesha tundu lake. Skrubu zote zikifanana sawasawa, shuku. Tazama nakshi: patasi ya mchongaji huacha mstari wenye kuta kali na kina kinachopanda na kushuka, lakini nakshi iliyotoka kwenye kalibu ina sakafu laini na pembe zilizozibika, na pengine vitundu vya hewa. Anayeijua siwa, lile baragumu la shaba la makumbusho ya Lamu, iliyomiminwa kwa kalibu ya nta, anajua uso wa kumimina ulivyo hata ukiwa umefanywa na fundi mkubwa. Tazama pia uchakavu: uwe mahali mkono na nyundo vinapogusa kweli, usiwe umetapakaa sawa kila mahali kama uliomwagiwa asidi.

Sheria. Chini ya Sheria ya Makumbusho na Turathi za Taifa ya mwaka 2006, kitu kilichotengenezwa Kenya au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895 ni kitu cha kale, na hakitoki nchini bila kibali. Vilevile ni silaha, na kuna Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Umri hauifanyi kuwa pambo kwa neno lako wewe. Isibebwe kwenye boti wala basi. Aende mtu mkubwa wa familia kwanza, mikono mitupu, na picha tu, kwa mhifadhi wa Makumbusho ya Lamu, waandamane kwenda polisi kuieleza, ili wataalamu waifuate ilipo. Picha zipigwe taa ikiwa pembeni na chini, rula ikionekana: upande wa kulia, wa kushoto, mihuri kwa karibu, bamba la jina, na kifuniko cha bawaba kikiwa wazi. Kuna wanunuzi watakaokuja na pesa taslimu wakikuambia usiitangaze. Waache waende.

mkomani_juu

Shukrani wote, Mungu awalipe. Nimepima kama alivyosema fundi_tupa. Kijiti kimesimama milimita 231, na sauti yake imekufa kabisa. Tundu la moto lina pete ya rangi ya dhahabu. Springi ya kifuniko ina kigurudumu. Unga wa kijani hafifu upo kwenye pembe mbili tu za kiunzi, kwingine ni ganda la kahawia. Mjomba anakwenda makumbusho kesho asubuhi na picha. Je, jiwe nilitoe kwenye taya au libaki?

fundi_tupa

231 maana yake ina goroli kooni. Pengo ni milimita 9 hadi ukingo wa kiunzi, ongeza sehemu ya mtutu iliyozama kwenye hesi, unafika upana wa goroli ya milimita 13 au zaidi. Kwa hiyo ihesabu kuwa imeshindiliwa mpaka mtaalamu aseme vinginevyo: goroli kooni, baruti kwenye silinda, na maghala matatu yasiyojulikana. Mwambieni afisa wa polisi hivyo hivyo kabla hajanyoosha mkono kuipokea.

Jiwe lisitolewe. Kulitoa ni kufungua skrubu ya taya kwa bisibisi isiyoenea mfereji wake, na nyundo ikiteleza kidogo ni cheche juu ya kisahani ambacho hujui kina nini. Badala yake kata kipande cha ngozi laini au mpira wa baiskeli, kikunje, kiweke kati ya jiwe na uso wa kifuniko bila kuisogeza nyundo, ukifunge kwa uzi wa pamba. Andika kwenye karatasi "IMESHINDILIWA", tarehe, na kipimo cha 231, uibandike juu ya boksi kwa nje. Kijiti chenye alama ya kisu kifungeni pamoja na boksi, mhifadhi ataanza nacho.